Sentimita 34

Kwa miaka 19 sasa kazi yangu ni ukarani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Mkulima huleta kahawa yake ya maganda, nami huiweka juu ya mizani, husoma, huandika kitabuni na kumkatia risiti, na ubishi huishia hapo. Ninaanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililonifanya niamini, kwa karibu miaka saba ya maisha ya binti yangu, kwamba mtoto anayeongezeka uzito ni mtoto aliyepona.

Aika alizaliwa tarehe 9 Mei 2014, mimba ikiwa na wiki 30, akiwa na gramu 1,320. Masika yalikuwa hayajakatika na njia ya kushuka mjini ilikuwa tope tupu, kwa hiyo mama yake alishushwa kwa pikipiki hadi kwenye lami, mimi nikiwa nimekaa nyuma yake kumshikilia asianguke. Jina alipewa na mama yangu mzazi siku ileile. Aika kwa Kichagga ni asante, na nakumbuka niliona bibi huyu ameharakisha, maana mimi nilikuwa bado sijaona cha kushukuru katika kiumbe kilichotosha kulala kwenye kiganja changu na nusu ya mkono.

Siku 16 za kwanza zilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Alilishwa kwa mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni, mililita mbili kila baada ya saa tatu, kisha tatu, kisha nne, na mama yake alikuwa akikamua maziwa usiku na mchana katika chumba ambacho akina mama njiti, kama walivyojiita wenyewe kwa utani, walikaa kwa safu wakiwa na vikombe mapajani. Mchana tulipokezana kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi. Muuguzi mmoja alinieleza kwamba mtindo huo ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwapa joto, na kwamba kifua cha baba kinafaa sawasawa na cha mama. Nilivua shati mbele ya wanawake wageni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na sikuona haya.

Siku ya 17 maziwa hayakushuka. Muuguzi alipovuta sindano kwenye mpira ili aone kama tumbo limemaliza mlo uliopita, yalirudi maji ya kijani. Kufikia jioni tumbo lilikuwa limevimba na ngozi yake inang'aa, choo kikawa na damu, na mtoto akaanza kusahau kupumua, hadi mtu amguse unyayo ndipo avute pumzi tena. Ugonjwa huo una jina refu, nekrotaizingi enterokolaitisi, ambalo wodini hukatwa na kubaki neki. Hupata zaidi watoto waliozaliwa kabla ya wakati, hasa walio chini ya gramu 1,500, na mara nyingi huja wiki mbili au tatu baada ya kuzaliwa, wakati wazazi wameanza kuzoea na kuzungumzia siku ya kurudi nyumbani. Utumbo wa njiti haujakomaa: ukuta wake ni mwepesi, kinga yake ni changa, na bakteria wanaoingia na kuanza kuishi humo huweza kuchochea uvimbe mkali ambao mwili wenyewe unashindwa kuuzima, damu ikapungua katika ukuta wa utumbo na vipande vyake vikafa. Katika picha ya kwanza ya eksirei nilionyeshwa vipovu vidogo vya hewa vilivyokaa ndani ya ukuta wenyewe wa utumbo, mahali ambapo hewa haina kazi. Walimsimamishia maziwa, wakamwekea dripu na dawa za kuua bakteria, wakaacha mpira puani ili utoe hewa. Picha ya kesho yake ilionyesha hewa imetoka nje ya utumbo na kujaa tumboni, maana yake umetoboka, na saa hiyohiyo aliingizwa chumba cha upasuaji.

Daktari wa upasuaji alitoka baada ya saa mbili na kitu. Aliniambia amekata sehemu iliyokufa na kwamba iliyobaki inatosha. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamshukuru, na sikumwuliza lolote. Neno lile, "iliyobaki inatosha", nililipokea kama mkulima anavyopokea risiti yangu: akaitia mfukoni bila kuisoma.

Kwa wiki kumi Aika alitoa choo kupitia tundu la tumboni, mdomo mwekundu wa utumbo uliotolewa nje upande wa kulia ili utumbo wa chini upumzike. Mifuko ya kubandika ya ukubwa wake ilikuwa adimu na ya bei, na iliyopatikana haikushika kwenye tumbo dogo namna ile, kwa hiyo mara nyingi tulitumia vitambaa vya pamba vilivyokatwa kwenye khanga kuukuu, tukipaka pembeni dawa nzito ya zinki ili maji ya utumbo yasile ngozi. Maji hayo huunguza. Ni ya kumeng'enya chakula, na hayachagui kati ya nyama ya mbuzi na ngozi ya mtoto. Mama Aika alikuwa na mkono mwepesi kuliko muuguzi yeyote kwa kazi ile, nami nilikuwa wa kufua.

Ndipo likatokea jambo lililonifunga macho kwa miaka mingi, ingawa lenyewe lilikuwa jema. Mtoto alikuwa amerudishiwa maziwa na anayapokea, lakini kwa siku 12 uzito uligoma kwenye gramu 1,480. Nilikuwa ninashuka kila asubuhi kusoma mizani kabla ya kwenda kazini, na ule mshale usiosogea uliniumiza kuliko kilio. Daktari aliagiza damu ipimwe chumvi, ikakutwa iko chini. Alinieleza kwamba mtoto anayetoa choo kupitia tundu la utumbo mwembamba hupoteza chumvi nyingi, kwa sababu maji yake hayapiti tena katika utumbo mpana, ambako chumvi na maji hurudishwa mwilini, na kwamba mwili usio na chumvi ya kutosha haukui hata ukipewa maziwa kiasi gani. Walianza kumwongezea maji ya chumvi kwa kipimo. Katika wiki iliyofuata alipanda gramu 150. Basi mimi, karani wa mizani, nikaona nimethibitishiwa kile nilichokuwa ninakijua: tatizo likiwepo, mizani itasema.

Tuliruhusiwa mwishoni mwa Agosti, tundu likiwa limefungwa na utumbo umeunganishwa, Aika akiwa na gramu 2,900. Tulipewa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, maandishi ya Kiingereza na mkono wa daktari. Nilizikunja na kuziweka katika kopo la bati ambamo tunahifadhi cheti cha ubatizo, hati ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo, na risiti za ada. Nilifikiri nimezihifadhi vizuri, na kwa kweli hazikuloa wala kuliwa na panya.

Lazima niseme neno juu ya mama yake, kwa kuwa jambo hili ninaliona kwa wazazi wengine tunaokutana nao kliniki. Katika siku nne za kwanza maziwa yake yalikuwa hayajashuka ya kutosha, na mtoto aliongezewa maziwa ya kopo. Baadaye alisikia, na ni kweli, kwamba maziwa ya mama hupunguza hatari ya neki, na kwamba njiti wanaonyweshwa maziwa ya kopo huugua zaidi. Kuanzia hapo alijihukumu. Mama yangu alikuwa akimletea mtori wodini katika hotpoti kila Jumamosi, kama mzazi wa Kichagga anavyostahili, naye alikuwa akiula huku analia, na hatukujua analia nini. Ilichukua miaka mitatu kabla hajalitamka mbele ya daktari, na daktari akamwambia kwa upole kwamba hata watoto wasioonja kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama zao huugua, kwamba maziwa hupunguza hatari lakini hayaifuti, na kwamba hakuna anayeweza kumnyoshea kidole mzazi mmoja na kusema ni huyu. Nadhani alisikia. Sina hakika kwamba aliamini.

Mwaka 2016, mwezi wa tatu, Aika akiwa hajatimiza miaka miwili, aliamka usiku akitapika. Asubuhi bibi yake alisema ni mchango na akachemsha majani, jirani naye akaleta mafuta ya kukanda tumbo, na mimi nikaenda kazini. Saa saba mchana nikapigiwa simu kwamba sasa anatapika kijani. Rangi hiyo nilikuwa ninaijua. Tulikuwa mjini kabla ya saa tisa. Ilionekana kwamba makovu ya ndani yaliyotokana na ule upasuaji yalikuwa yamegandanisha sehemu za utumbo, ukajikunja na kuziba. Alibahatika, maana kwa mpira wa puani na dripu ulijifungua wenyewe siku ya tatu bila kisu, ambavyo si wote hufunguka hivyo. Nilielezwa kwamba hatari hii haina mwaka wa kuisha: tumbo lililowahi kupasuliwa linaweza kuziba akiwa na miaka mitano, au akiwa na mume na watoto. Tangu siku hiyo, katika nyumba yetu, matapishi ya kijani hayajadiliwi na hayakandwi. Mama yangu, ambaye hapendi kuambiwa, alilikubali hilo bila neno, na siku moja nilimsikia akimfundisha mke wa ndugu yangu kana kwamba alizaliwa nalo.

Alichelewa kutembea. Alisimama peke yake akiwa na miezi 19 na kupiga hatua akiwa na 21, na hata tukiondoa ile miezi miwili na nusu aliyokosa tumboni, kama wanavyohesabu kliniki kwa njiti hadi wafike miaka miwili, bado alikuwa nyuma. Mtaalamu wa viungo alimfanyisha mazoezi kwa mwaka mzima. Maneno nayo yalikuja polepole. Nilidhani kuugua tumbo ni kuugua tumbo, mpaka nilipoelezwa kwamba watoto waliougua neki hadi kufikia kisu huwa na hatari zaidi ya kuchelewa katika mwendo, lugha na masomo kuliko njiti wenzao wa wiki zilezile ambao hawakuugua. Katika wiki ambazo ubongo unakua kwa kasi kubwa, sumu za ule uvimbe zinazunguka katika damu, na chakula kimesimamishwa. Kichwa hulipa deni la utumbo. Lakini uzito ulikuwa unapanda, kidogo kila mwezi, mstari wa kadi ya kliniki ukinyanyuka chini ya wenzake lakini sambamba nao, na mimi niliutazama mstari huo nikatulia.

Shule ndiyo iliyotuonyesha kwamba tumbo lake halikuwa la kawaida. Nyumbani tulikuwa tumezoea kwamba Aika huenda chooni mara tano au sita kwa siku, na kwamba akila chapati za mafuta au mtori wenye mafuta mengi hukimbia kabla sahani haijaoshwa. Kiburu, ndizi zetu za kupika na maharage, humjaza gesi hadi tumbo linasimama kama ngoma, ilhali maziwa mgando anakunywa salama na maziwa freshi yanamwendesha. Tuliyajua hayo kama mtu anavyojua tabia za mtoto wake, si kama dalili. Darasa la kwanza alimkuta mwalimu aliyeamini kwamba mtoto anayeomba ruhusa mara tatu kabla ya saa nne anatoroka hesabu. Siku moja alinyimwa ruhusa, na yaliyotokea kwenye dawati yalimfanya asiseme neno kwa siku mbili. Nilikwenda shuleni nikiwa na hasira, lakini nilipoulizwa ana ugonjwa gani nilijikuta ninasema tu kwamba aliwahi kufanyiwa upasuaji akiwa mchanga. Kwa nini aliyekatwa utumbo miaka sita iliyopita aharishe leo? Sikuwa na jibu, na mwalimu aliliona hilo usoni mwangu.

Alianza kuchoka. Katika mwaka wa 2020 alipauka, akawa anakaa kwenye ngazi wakati wenzake wanacheza rede. Tulimpeleka mahali pawili tofauti, akapimwa damu, ikakutwa pungufu, akapewa dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Damu ilipanda kidogo. Tukafurahi. Ninaandika sentensi hii kwa uchungu, kwa sababu kupanda kule ndiko kulikotuchelewesha. Asidi ya foliki inaweza kurekebisha damu ya mtu anayekosa vitamini B12 na kumfanya aonekane amepata nafuu, huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika chinichini. Hakuna wa kulaumu kwa vidonge vile. Watoto wengi wanaopauka huku kwetu wangefaidika navyo. Ila hakuna aliyeuliza ni utumbo gani uliokatwa, na mimi niliyekuwa na jibu ndani ya kopo la bati sikujua kwamba ni jibu.

Dalili nyingine tulizitafsiri tulivyoweza. Alisema sisimizi wanatembea miguuni, tukakagua godoro. Ulimi ulikuwa mwekundu na laini kama umepigwa pasi, tukasema anakula pipi. Na usiku, akitoka kwenda choo cha nje, alikuwa anaanguka. Mchana alitembea sawa, lakini gizani aliyumba kama mlevi na kushika ukuta, nasi tukasema ni mwoga wa giza, nikamnunulia tochi. Tochi ilimsaidia kweli, kwa sababu ambayo sikuielewa hadi baadaye: miguu yake ilikuwa imeacha kumwambia iko wapi, na macho ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi hiyo.

Mwezi wa pili mwaka 2021 tulikutana na daktari kijana mjini Moshi, mwanamke mwenye sauti ndogo, ambaye alimwambia Aika asimame miguu pamoja, kisha afumbe macho. Aika aliyumba na kumwangukia. Daktari alitazama kovu la tumboni kwa muda, akaniuliza, "Baba Aika, walikata kipande gani?"

Nikajibu, "Kilichooza."

"Najua. Cha mwanzo, cha katikati, au cha mwisho? Na kimebaki kiasi gani?"

Nilikaa kimya. Mimi ambaye siwezi kumruhusu mkulima aondoke bila kujua kilo zake na nusu kilo zake, sikujua mwanangu alikatwa kiasi gani wala amebakiwa na kiasi gani. Kesho yake asubuhi nilirudi na zile karatasi mbili, zingali zimekunjwa kama nilivyozikunja mwaka 2014. Alizisoma kwa kama nusu dakika, kisha akanionyesha mstari kwa kalamu: sentimita 34 za mwisho za utumbo mwembamba, pamoja na lango linaloutenganisha na utumbo mpana.

Aliponiuliza natokea wapi nikamwambia Uru, akacheka kidogo na kusema basi hili nitalielewa upesi. Akachora mfereji. Huku kwetu maji hushuka kutoka msituni kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, na kila kihamba kina zamu yake na mahali pake pa kufungulia. Utumbo mwembamba, alisema, ni mfereji wa namna hiyo: vitu vingi huchotwa sehemu za juu, na sehemu moja ikikatwa ya jirani huweza kujifunza kuchota zaidi, na kwa njiti utumbo bado una kurefuka kwingi mbele yake, maana katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba hukaribia kujirudia urefu mara mbili. Ndiyo maana Aika alikua, na aliyesema kilichobaki kinatosha hakusema uongo. Lakini viko vitu viwili vinavyochotwa mwisho kabisa wa mfereji, na hakuna kihamba cha juu kinachoweza kujifunza kuvichota. Cha kwanza ni vitamini B12. Cha pili ni chumvi za nyongo, ambazo ini huzimwaga juu ili kumeng'enya mafuta na hutarajia kuzirudishiwa chini ili zitumike tena. Zisipochotwa huingia katika utumbo mpana, huvuta maji, na mtoto huharisha, hasa akila mafuta. Na lile lango likishaondolewa, chakula hupita haraka, na bakteria wa utumbo mpana hupanda kule wasikotakiwa, huchacha, hujaza gesi, na hata hiyo B12 kidogo huigombania. Chapati, ngoma ya tumbo, dawati la darasa la kwanza, sisimizi, giza, vyote vilitoka katika mstari mmoja wa ile karatasi.

Nilimwuliza kwa nini miaka mingi kiasi hicho. Akasema ini huweka akiba ya B12, na akiba hiyo huisha polepole bila kelele, kwa hiyo mtoto anaweza kukua, kucheza na kuongezeka uzito huku ghala linakauka. Mizani haipimi ghala. Hayo ya mizani na ghala niliyaongeza mimi moyoni wakati ninapanda daladala kurudi nyumbani, naye hakuyasema.

Alianza sindano mfululizo, kisha kila wiki, kisha kila mwezi, na atachomwa maisha yake yote. Ni dawa nyekundu kama sharubati ya rozela. Katika wiki tatu aliacha kukaa kwenye ngazi. Sisimizi waliondoka kufikia mwezi wa nne. Kuyumba gizani kulipungua lakini hakukwisha, na daktari alisema wazi kwamba mishipa iliyokaa muda mrefu bila dawa hairudi yote. Hiyo ndiyo gharama ya kopo la bati, na ninaijua.

Chakula tulikipanga upya, si kwa kukataza sana. Mafuta anakula kidogokidogo mchana kutwa badala ya mengi kwa mara moja, na mama yangu amejifunza kupika mtori wa nyama isiyo na mafuta, ingawa kila mara hutangaza kwamba huo si mtori. Maji anakunywa kuliko sisi sote, kwa sababu mtu asiyemeng'enya mafuta vizuri hujijengea mawe kwenye figo kwa urahisi zaidi, na chumvi za nyongo zinazopotea huweza pia kuacha mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka hupigwa picha ya tumbo. Hupimwa damu pamoja na vitamini zinazosafiri na mafuta. Tumbo likijaa gesi kupita kawaida kwa wiki nzima, hupewa dawa ya bakteria kwa muda mfupi na hali hutulia. Shuleni niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha nakala ya ile karatasi na maelezo ya daktari, na mwalimu mkuu mpya akampa dawati la karibu na mlango. Huwa na sare ya pili kwenye mkoba. Kwa miaka miwili iliyopita hakuihitaji zaidi ya mara mbili.

Hesabu bado zinamshinda. Husoma vizuri, huandika polepole, husahau hatua ya pili ya swali lenye hatua tatu. Nimeacha kuuliza kama ni wiki 30, au ni neki, au ni miaka ile ya B12, kwa sababu walioulizwa walinijibu kwamba havitenganishiki, na kwa sababu jibu lolote lisingebadilisha tunachokifanya jioni, yeye na mimi, kwa mahindi na maharage mezani tukihesabu.

Nakala za karatasi sasa zipo nne: moja shuleni, moja kwa bibi yake, moja kwenye mkoba wa mama yake, moja kazini kwangu chini ya kitabu cha mizani. Wazazi wa njiti wanaponijia, na huku mlimani watu hujuana, huwauliza jambo moja kabla ya yote, nalo ni kama wanajua kilichokatwa kilikaa wapi na kilichobaki ni kiasi gani. Wengi hunitazama kama nilivyomtazama yule daktari. Mmoja alikuwa nayo karatasi hiyo, imefungia sukari.

Mwezi uliopita sikuweza kumpeleka Aika kuchomwa sindano, maana msimu ulikuwa umechanganya na foleni ya magunia ilifika barabarani. Alikwenda mwenyewe, ana miaka 11, na nilimpigia simu mhudumu wa zahanati baadaye kuhakikisha. Mhudumu alikuwa mgeni pale. Aliniambia kwamba alimwuliza mtoto kwa nini anachomwa B12 wakati haonekani mgonjwa, na mtoto akamjibu kwamba hana sentimita 34 za mwisho za utumbo mwembamba, na lango pia hana, kisha akageuza mguu wa kushoto kwa sababu wa kulia ulichomwa mwezi wa nyuma.